Muguu wa Abdias

Butembo, tarehe 22 ya mwezi wa ine 2025

Ndugu yangu Abdias, Bwana Frein,

Salamu nyingi kutoka ku baridi. Ninakuandikia mu karatasi kama bazee ba zamani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni masikio yako: mara ya mwisho nilikupigia simu, nilikuuliza habari ya muke wako na weye ukanijibu urefu wa mbao. Ya pili, simu yenyewe iko mu mikono ya binti yako Bénite, na kila message yenye ninakutumia, ni yeye anaisoma mbele yako na kucheka. Donc, ninaandika. Éliakim anabeba barua mu Fuso yake, na Éliakim tunamujua: makaratasi yenye anasoma ni ya barrière ya barabara tu.

Sasa habari yenyewe. Mbio ya chukudu, farasi zetu za mbao za magurudumu mbili, inarudi! Baada ya miaka sita bila kitu, komite ilikubali tushuke tena Muteremko wa Kaliptusi, samedi (Jumamosi) tarehe 10 ya mwezi wa tano, saa kumi na mbili ya asubuhi, mbele magari hayajaamka. Batu bengine balitaka kilima kirefu zaidi, upande wa Kirumba, mais upande ule na vita, unajua mwenyewe namna iko. Tutashuka hapa kwetu, mahali pale pale pa 1995: kilometre ine, kona tano, na ile kona ya tatu yenye weye unaijua kuliko batu bote.

Sikia kazi yenye balinipa. Mimi, champion wa 1995, mwenye kikombe, niko mukaguzi wa ma frein, zile breki za kukanyaga na muguu, mutu wa kufagia mawe mu kona, mutu wa maji, na kama mutu wa saa atachelewa kuamka, niko mutu wa saa pia. Komite inasema mimi ni bénévole. Mariette muke wangu ana jina lingine la mutu mwenye kufagia barabara ya serikali bila mushahara, mais yeye ni mukristo, hapana litaja mbele ya batoto. Goti langu la kushoto, lile la kupigia ku chukudu, lilishaisha kabisa. Ku kanisa ninapiga goti moja tu, la kuume, na pasta anafikiri ni kiburi.

Halafu ninamufundisha Ariel, mutoto wangu wa mwisho. Ana miaka makumi mbili, mwili wa simba, na kichwa chenye kinasikia tu mambo ya simu. Nikimwambia inama mu kona, ananiuliza kama kona yenye ilipita ilitoka vizuri mu video. Miaka makumi mbili na tatu ninafundisha batoto ba batu kushuka, na bote banasikia. Wangu mwenyewe, hapana.

Ku marché banasema eti Bénite yako anataka kupanda huku kushuka na banaume. Ni kweli? Kama ni kweli, mufundishe yote yenye unajua, isipokuwa namna ya kukanyaga frein!

Ninacheka tu. Unanijua.

Ndugu yako,
Mumbere Ézéchias, champion (wa pension)


Beni, Beu, tarehe 27 ya mwezi wa ine 2025

Champion,

Barua ilifika. Kicheko chako nilikisikia hata bila masikio.

Ni kweli. Bénite anakuja. Kila siku anachukua mbao ku scierie, kule banapasua miti, na kuzishusha ku marché, mbao kumi na mbili mara moja, na mu kona hapana punguza. Banaume ba kazi ile banamuachia njia. Sikumufundisha kitu. Alizaliwa na ile yenye mimi nilikosa.

Muteremko wenu hajauona hata siku moja. Juzi aliniambia: "Papa, ninataka kufika pale chini mbele ya bote, na bakiuliza huyu ni mutoto ya nani, bataje jina lako bila kucheka." Nilifanya kama sikusikia. Masikio mabaya yanasaidia siku zingine.

Niko na ulizo moja. Siku hizi ninyi ba kule juu munatia nini mu roulement, zile beringi za magurudumu? Sisi hapa ni mawese tu, ile nyekundu ya Mbau, ile ile nilikuja nayo 1995. Magurudumu yanaimba. Uniambie kama ni muzuri.

Salimia Mariette na ule simba.

Numéro deux yako, wa pili wa 1995,
Abdias


Butembo, tarehe 12 ya mwezi wa tano 2025

Ndugu Abdias, Bwana Frein,

Samedi sikumuona Bénite, labda habari ilimukuta ku njia. Kama chukudu yake ingali mu gari, iteremushe. Mbio ilihamishwa, iko samedi tarehe 24. Na mbele ya kukasirika juu yangu, ngojea nikuambie vile mimi nilikasirika, utaona yako ni kidogo.

Siku mbili nilifagia zile kona na ufagio wa Mariette (bado hajaujua, ufagio ulirudi nusu). Vendredi, Ijumaa ya tarehe 9, saa nane ya muchana, balinituma kuchukua cachet ya mwisho, muhuri wa ruhusa, kwa Monsieur Ilunga. Monsieur Ilunga njo mukubwa wa bureau. Ni mutu wa Kolwezi, mutu muzuri, anasalimia na mikono mbili, mais chukudu aliiona tu kupitia dirisha ya gari. Akafungua dossier, akaniuliza: "Papa Ézéchias, hiki kitu, tunakiweka wapi? Kama ni gari, plaque iko wapi? Kama ni michezo, fédération iko wapi? Kama ni mila, mwami asaini kwanza." Nilimwambia: "Monsieur le chef, ni miti mbili na magurudumu mbili." Akaandika "bois", ni kusema miti. Na kwa sababu ya ile neno moja akanituma ku bureau ya misitu.

Ku bureau ya misitu baliniuliza kama niko na permis ya kukata miti.

Donc samedi asubuhi nilisimama peke yangu ku Kaliptusi na gilet yangu ya orange, ninarudisha batu ku nyumba. Mama moja mwenye kuuza mandazi alinipa mbili bure, kwa huruma. Njo malipo yangu ya kwanza tangu 2002.

Bénite sasa. Mwambie afunge kipande cha jeans ku goti. Kona ya pili iko na mawe hata nifagie namna gani. Kona ya ine inapitisha maji. Na avae sweater, ya sufu, siyo ya mapambo. Saa ile hapa hata mbuzi inatafuta koti. Mengine ni mambo ya kidogo, ataona mwenyewe.

Ariel alishuka juzi kwa dakika sita na nusu. Mimi nilifanya sita na robo, na magurudumu ya wakati wa Zaïre. Nilimwambia tu "bado", mais nilipofika ku nyumba nilikula mara mbili kwa furaha. Ninataka sana, Abdias, ninakuambia kama ndugu, ninataka jina la nyumba hii lionekane ku kikombe mara ya pili. Cha kwanza Mariette anapimia maharagi. Hata hivyo jina linasomeka, ukigeuza upande wenye haujaungua.

Champion wako muchovu,
Mumbere Ézéchias


Beni, Beu, tarehe 27 ya mwezi wa tano 2025

Champion,

Mara ya pili mbio inahamishwa. Bénite alipanda vendredi na chukudu juu ya Fuso, akaacha kazi siku mbili. Ku barrière njo balimwambia mbio hakuna, eti tarehe 14 ya mwezi wa sita. Alirudi na vumbi mpaka ku meno. Alipanga mbao mpaka jua likaanguka.

Nilipomuangalia akipanga, niliamua kukuandikia jambo lenye sikuambia mutu. Hata muke wangu.

Miaka makumi tatu unaniita Bwana Frein. Ninacheka na weye kwa sababu ni afazali mutu acheke. Mais kile kilipita mu 1995, sikukielewa hata siku moja. Tangu mwanzo nilisikia chukudu inanishika, kama mutu ananivuta shati. Nikasukuma. Mu kona ya tatu ukanipita, na mimi bado ninavutwa nyuma. Nikajua: ni muguu wangu. Ninaogopa, na muguu ulienda ku frein peke yake bila kuniuliza. Sikuusikia kukanyaga. Hiyo njo inanitesa. Mutu mwenye kukanyaga na anajua, huyu anaweza kuacha. Mwenye hapana jua, atafanya nini?

Mwaka wenye ulifuata patron wa scierie alitaka kunipa volant, usukani wa camion yake mupya. Alinipenda. Nilikataa. Nilimwambia macho yangu ni mabaya. Nilidanganya. Nilijisemea: dereva mwenye muguu unaenda peke yake ataua batu. Nikabaki ku machine ya kupasua miti miaka makumi mbili na saba, na masikio yangu yakabaki pale.

Sasa mutoto. Ana damu yangu. Sitaki afike mu kona ya tatu na muguu umutendee vile. Niliamua frein yake nitaitosha, niing'oe kabisa. Kama frein haiko, muguu hautapata pa kukanyaga. Yeye alikubali, angekubali hata niseme atoshe gurudumu.

Weye njo mukaguzi. Ninakuomba ufunge macho mara moja, kwa urafiki wetu.

Na habari ya oile, ya mafuta ya roulement, hukunijibu.

Numéro deux,
Abdias


Butembo, tarehe 30 ya mwezi wa tano 2025

Abdias,

Usitoshe ile frein. Kama uliitosha, irudishe leo, mbele ya kusoma mengine. Ninangoja.

Muguu wako haukukanyaga kitu.

Ni mawese. Mawese yako iliganda. Huku kwetu asubuhi inakuwa nzito kama sabuni. Hakuna mama mu Butembo mwenye hapana jua hii, chupa ya mawese inalala karibu na moto. Weye ulitoka ku joto, mara yako ya kwanza kulala huku juu, na chukudu ililala inje. Usingejua. Mimi nilijua, na niliona. Saa kumi na mbili ilikuwa karibu, niliinama kufunga kamba ya kiatu changu, na roulement yako ilikuwa hapa, mbele ya pua yangu. Mawese ilikuwa njano, imeshikamana, kama mutu aliipaka na kisu ku mukate. Mu mufuko wangu nilikuwa na chupa ya oile ya moteur, nusu. Ingeenea batu babili.

Nilifunga kamba. Nikasimama. Nikakuuliza kama ulilala vizuri.

Nilikushinda na sekunde kumi na moja. Na ulipofika pale chini unaangalia muguu wako, ni mimi nilipaza sauti mbele ya batu bote: "Huyu alikuja na frein kutoka Beni!" Bakacheka, na jina likabaki. Nilifikiri ni utani. Nilifikiri unajua kama ulishindwa tu, kama vile batu banashindwa siku zote. Habari ya volant sikuijua. Sikujua kama ulikuwa unaishi na ile kitu mu muguu.

Na ona vile niko: mara ya pili nilitaka kufanya vile vile. Uliniuliza ya oile waziwazi, nikakujibu habari ya sweater. Ni sababu ya Ariel. Niliona dakika zake, nikaona Bénite wako na mbao kumi na mbili, nikafanya hesabu, nikanyamaza.

Donc: asipake mawese. Asafishe yote na pétrole, apake oile ya moteur. Na frein ibaki. Akiwa na oile ya kweli atashuka mbio yenye hajaonja hata siku moja, na mu kona ya tatu bila frein ataenda mu bonde. Mu hii barua hakuna utani, hata kidogo.

Ninaifunga bila kuisoma tena. Nikiisoma nitaanza kuipamba.

Mumbere Ézéchias


Beni, Beu, tarehe 16 ya mwezi wa sita 2025

Monsieur Ézéchias,

Nilikuandikia jambo lenye sikuambia muke wangu. Nilingoja wiki mbili na siku zingine. Hakuna neno. Nikasema: ni sawa, ameelewa, atafunga macho, bazee hapana andikiana kila kitu.

Jana Bénite alirudi, akanielezea.

Balikuwa batu kumi na moja ku mustari. Muzee wa gilet ya orange akafika, akaangalia nyuma ya chukudu yake, akamushika mukono mbele ya batu bote. Akapindua chukudu, magurudumu juu, kama mutu anapindua mbuzi. Akapangusa mawese yetu na pétrole na kitambaa, kama ni uchafu, akatia oile yake. Filimbi ikalia, bale kumi bakaenda. Yeye akabaki amesimama na sweater yake, na weye unapiga misumari. Uliweka frein ya zamani ku chukudu ya mutoto wangu. Ukamusukuma ku mugongo na kumwambia: "Kona ya tatu, kanyaga."

Kanyaga. Baada ya ile yote niliandika, ulimwambia mutoto wangu akanyage.

Alipita batu saba. Alifika wa ine. Wa kwanza ni nani? Ariel. Pongezi ku baba.

Mutoto ananiuliza: "Papa, si ulisema muzee ule ni rafiki?" Nilifanya kama sikusikia.

Usiniandikie.

Abdias, baba ya Bénite


Butembo, tarehe 20 ya mwezi wa sita 2025

Abdias,

Barua yako ilifika na gari ingine, na ulisema nisiandike. Soma tu kipande hiki: mu hii enveloppe kuna barua ingine, ya tarehe 30 ya mwezi wa tano, haijafunguliwa. Fungua ile kwanza. Kama kiisha hutaki kusoma hii, washa nayo moto.

Kama ungali unasoma, ngojea nikuambie pale ilikuwa. Nilimupa Éliakim mu mikono, nikamwambia ni haraka. Akaiweka nyuma ya pare-soleil, kile kibao cha kuzuia jua, na makaratasi ya barrière. Kesho yake njia ya Beni ilifungwa. Patron wake akamutuma Kasindi na mzigo mwingine, boîte ya vitesse, ile ya gia, ikakatika kule, na Fuso ikalala mu garage wiki mbili na nusu, na barua yangu ndani, inangaliana na jua. Jana alirudi, anacheka. Akaichomoa: "Papa Ézéchias, kumbe ulikuwa na kitu hapa. Ile haikuwa haraka sana, si ni vile?" Nilikaa chini ku jiwe. Alifikiri ni goti.

Mimi nilifikiri uliisha kuisoma. Njo maana yote ilienda vile. Simu ya Bénite nilipiga mara mbili, ikasema haipatikane, na ya tatu sikupiga, kwa sababu niliogopa utamuomba akuambie kwa sauti yote yenye ninasema. Nilifikiri unanyamaza kwa hasira, na nikasema hasira hiyo ni haki yako. Halafu samedi ninafika nyuma ya chukudu ya mutoto, frein hakuna, na mawese imeganda njano mu roulement, ile rangi ile ile. Nikafikiri: Abdias alisoma na akakataa hata kuokoa mutoto kwa sababu neno lilitoka kwangu. Na unajua nilifanya nini? Nilikukasirikia. Mimi. Weye!

Ningemuelezea Bénite pale pale. Batu balikuwa bengi, banangalia, bengine na simu juu. Kinywa kilikataa. Nikapa mikono kazi ili kinywa kisiulizwe. Ile frein nilipiga ku chukudu yake niliitosha ku yangu, ile ya 1995, nikaibeba asubuhi ile kwa wasiwasi. Chukudu yenyewe iko juu ya ukuta wa salon miaka yote, Mariette anaitundikia kofia. Misumari ilinichukua dakika mbili na nusu. Nilihesabu, niko mutu wa saa pia.

Ariel alikuja na kikombe kipya mpaka ku meza, akakiweka. Hakukaa. Akaniuliza: "Papa, ule musichana wa Beni ulimushikia nini? Si angenishinda?" Kwa mara ya kwanza alikuwa amezima simu. Nilimwambia: ndiyo, angekushinda. Hajasema na mimi tangu siku ile. Kikombe kingali ku meza, hakuna mwenye anakigusa, tunakula pembeni yake kama mugeni.

Mumbere Ézéchias


Beni, Beu, tarehe 29 ya mwezi wa sita 2025

Ézéchias,

Nilisoma zote mbili. Ya tarehe 30 nilisoma mara nyingi. Siku tatu sikusema na mutu. Muke wangu alifikiri masikio yalienda kabisa na ulimi umefuata.

Jana mapema nilichukua chukudu ya Bénite. Sikumuomba. Nilienda nayo ku scierie, pale juu, bado hakuna batu. Nikapiga goti. Miaka makumi tatu sikupiga goti ku kile kitu. Nikasukuma mara tatu na nikaiacha iende.

Niliangalia muguu wangu. Ulikuwa nyuma, mu hewa, umetulia. Haukutafuta kitu. Mpaka karibu na marché haukutafuta kitu.

Halafu marché ikafika. Frein yako ni nzuri, misumari ilishika. Mimi nilisahau kuikanyaga. Balinitosha mu lundo la lengalenga, mboga za mama moja. Bénite alikuja mbio, akanikuta nimelala juu ya majani ninacheka, akafikiri ni kichwa. Halafu nililia kidogo. Hiyo usimwambie Mariette.

Usifikiri iliisha. Siwezi kukuambia iliisha. Kuna volant yenye nilikataa. Kuna masikio. Kila asubuhi ninaamka na ile kelele ya machine mu kichwa, na sasa ninajua haikuwa lazima. Hiyo hapana malizika na karatasi, hata ungeandika vizuri namna gani.

Mais kuna kitu kimoja unaweza. Lile jina ulilisema kwa mudomo, mbele ya batu. Kuja Beni. Simama mbele ya Bénite, na batu ba scierie, na bamama ba marché, useme kile uliona wakati unafunga kamba ya kiatu. Kwa mudomo. Kikombe lete ao acha, maharagi ya Mariette ni ya maana kuliko.

Na useme kwa sauti kubwa. Mimi pia ninataka kusikia.

Abdias


Butembo, tarehe 2 ya mwezi wa saba 2025

Abdias,

Kesho jeudi ninashuka na Éliakim, ku kiti cha mbele, kama njia iko wazi. Hii barua itafika na mimi, mu mufuko wangu wa shati, siyo nyuma ya pare-soleil. Ninaiandika kwa sababu ninajijua. Nitafika, nitaona batu, na nitatafuta utani. Kama nikianza habari ya goti langu ao ya masikio yako, mupe Bénite karatasi hii, asome kwa nafasi yangu: "Niliona mawese imeganda. Nilikuwa na oile mu mufuko. Nilinyamaza. Abdias hakukanyaga frein." Ni yote. Asiongeze salamu.

Mariette alimwaga maharagi mu sahani na akasugua kikombe na majivu. Upande wenye uliungua haukutakata. Ariel anakuja pia. Hakusema sababu, alikuja tu jana na kufunga chukudu yake juu ya Fuso, akaniuliza kama Bénite anashuka asubuhi ao muchana.

Tangu juzi ninajaribu sauti nyuma ya nyumba. Leo niliisema vizuri, yote, mpaka mwisho, kwa nguvu. Jirani akatosha kichwa juu ya ukuta wa lupango: "Muzee, mawese gani?"

Nikamwambia.

Numéro deux yako,
Mumbere Ézéchias